Canter ya mkononi inakusumbua kuwaka? Pima kabla hujanunua spea

Wiki ya tatu baada ya kumalizia hela ya gari, Canter yangu iligoma kuwaka Makambako, saa kumi na moja alfajiri. Viazi viko juu, turubai limeshafungwa, na mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya dakika tano kuuliza kama nimeshaipita Iringa. Mpaka siku hiyo nilikuwa nimenunua betri moja mpya, stata imefunguliwa mara mbili, na fundi wa pili ameniambia nijiandae na hela ya alteneta. Kati yetu wote, na mimi nikiwamo, hakuna aliyekuwa amepima chochote. Tulikuwa tunabashiri, kila ubashiri kwa hela yangu.

Haya ninayoandika ni kwa aliyenunua lori dogo la dizeli la Kijapani, Canter au Elf, ambalo limeshapita mikono miwili mitatu hapa nyumbani. Lori la namna hiyo huji nalo peke yake. Unakuja na nyaya za mwenye gari wa kwanza, fyuzi aliyoizungushia waya dereva wa pili, na themostati aliyoitupa fundi wa tatu. Mpangilio ninaoufuata siku hizi unaanzia kwenye betri, unaishia kwenye injini, na siruki hatua hata nikiwa na uhakika kwamba tatizo liko mbele. Uhakika wa namna hiyo ndio ulionifikisha Makambako.

Vifaa

Nunua mita ya umeme. Ile ya bei ya chini kabisa inatosha, mradi inasoma volti na ampea. Ongeza brashi ya waya, tochi, spana za 10, 12, 14 na 17, kipande cha mpira wa mafuta unaoonyesha ndani, na haidromita (kipimo cha uzito wa maji ya betri) kama betri zako zina vifuniko vya kufungua.

Betri inayochaji hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo sigara ibaki mbali. Ukifungua, anza na waya wa hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Pete na saa ya chuma weka mfukoni.

Kwanza, betri: kila moja peke yake

Canter nyingi zilizotoka Japan ni za volti 24. Zina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo, chanya ya moja imeingia kwenye hasi ya nyingine. Hakikisha la kwako liko hivyo, maana yapo magari ya volti 12 yenye betri mbili zilizoungwa sambamba. Weka mita kwenye ncha mbili za nje, ule waya mnene unaokwenda kwenye stata na ule unaoshika chesisi. Ikisoma 24 na kitu, ni mfululizo.

Acha gari lilale usiku mzima bila kuguswa. Asubuhi, kabla hujafungua hata mlango kwa muda mrefu (taa ya ndani nayo inakula), pima betri ya kwanza, andika. Pima ya pili, andika. Kwa betri ya kawaida ya asidi, namba zinasomeka hivi:

12.6 au zaidi: imejaa
12.4: robo tatu
12.2: nusu
12.0: imebaki robo
10.5 hivi: huenda selo moja imekufa, hata ukichaji haitakaa

Usipime jumla halafu ukaridhika. Jumla ya 24.6 inaweza kuwa 12.3 na 12.3, au ikawa 12.8 na 11.8, na hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Zikiwa sawa na zote ziko chini, ama hazichajiwi vizuri ama kuna kitu kinakula umeme usiku. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.2, soma sehemu ya redio hapo chini kabla hujaenda dukani.

Sasa zipime zikiwa kazini. Mtu apige stata, wewe shika mita kwenye betri moja, kisha rudia kwenye ya pili. Betri nzima haitakiwi kushuka chini ya volti 9.6 hivi wakati stata inazunguka. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia halafu inaanguka hadi 7 stata ikiguswa, hiyo imechoka ndani. Kama zina vifuniko, haidromita itakuonyesha selo yenyewe: ikiwa selo moja inasoma chini ya wenzake kwa pointi 50 (mfano 1.250 na 1.200) hata baada ya kuchaji, betri hiyo usiipotezee muda.

Maji yakipungua, ongeza maji ya betri ya kuongezea, yale yasiyo na asidi. Asidi haipungui kwa kukauka, kinachokauka ni maji. Ukimwagia asidi juu ya asidi unakula sahani za ndani.

Na ukibadilisha, badilisha zote mbili, aina moja, ukubwa mmoja, siku moja. Mimi nilinunua moja ili kubana matumizi. Mpya ilifungwa pamoja na betri mzee iliyochoka, na baada ya mwezi zote mbili zikawa wazee.

Redio, chaja ya simu, na betri inayokufa peke yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeliona jambo hili kwenye malori mengi baada ya langu.

Makambako nilisaidiwa na mzee mmoja fundi umeme, duka lake ni meza na mwavuli. Nilimwamkia, nikaanza kumsimulia habari za stata. Akanikatiza. "Mwanangu, stata nitaiuliza mwenyewe. Nipe tochi." Akapima betri ya kwanza: 12.8. Ya pili, ambayo hasi yake inashika chesisi: 11.7. Akatuonyesha wote tuliosimama pale, kisha akainama akaanza kupapasa kwa vidole chini ya kapeti, kama mtu anayetafuta sindano. Akaibuka na waya mwekundu mwembamba uliofungwa kwa mkanda mweusi, umetoka pale betri mbili zinapoungana na kupanda hadi kwenye redio. Redio ni ya volti 12. Gari ni la volti 24. Mtu aliyeifunga alichota volti 12 kutoka betri moja tu.

Akanibustia gari kwa lori lingine la volti 24. Likawaka, akapima tena injini ikinguruma. Jumla: 28.2. Safi kabisa, fundi yeyote angeniambia chaji ni nzima. Akapima moja moja: betri ya juu (ile ya kwanza) 15.1, ya chini (inayoshika chesisi) 13.1.

Maelezo yake ni haya, na baadaye nimeyathibitisha mwenyewe. Usiku redio na chaja vinakula betri ya chini peke yake. Asubuhi alteneta inapeleka mkondo ule ule kupitia betri zote mbili, haijui kwamba moja ina njaa na nyingine imeshiba. Iliyoshiba inazidishiwa, maji yake yanachemka na kukauka. Yenye njaa haifiki kujaa, sahani zake zinaganda chumvi. Ukibadilisha betri bila kutoa waya ule, unaiandalia mpya kaburi.

Dawa yake ni konvata ya kushusha volti 24 kwenda 12. Inaunganishwa kwenye ncha za nje za betri zote mbili, redio, chaja na taa za urembo vinakula kutoka kwenye konvata. Chagua yenye ampea zinazotosha vitu vyako vyote kwa pamoja, na weka fyuzi karibu na betri. Mimi niling'oa waya, nikachaji betri kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12 hadi zikalingana, nikafunga konvata. Stata iliyofunguliwa mara mbili haikuwa na kosa lolote.

Kuhusu kubusti: gari la volti 24 libustiwe na la volti 24, chanya ya nje kwa chanya ya nje, na hasi ishike chuma cha injini mbali na betri. Usiunge gari dogo la volti 12 kwenye betri zote mbili kwa pamoja.

Temino na ethi

Betri zikiwa nzima na stata bado inazunguka kivivu, angalia njia. Unga mweupe au wa kijani kwenye temino (kibano cha waya kinachoshika kichwa cha betri), waya mnene uliovimba ndani ya plastiki, bolti iliyolegea. Zungusha temino kwa mkono. Ikizunguka, umeshapata kosa la kwanza. Osha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, sugua kwa brashi hadi risasi ing'ae, funga, paka grisi.

Ethi, njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri, ndiyo inayosahaulika. Kabini na chesisi vinaweza kuwa na ethi nzuri, taa zinawaka vizuri kabisa, lakini injini imekaa kwenye raba na waya wake wa ethi umekatika nusu. Pima hivi: ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri (kichwa chenyewe, si temino), nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, halafu mtu apige stata. Ikizidi volti 0.5, umeme unapotelea njiani. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya hadi kwenye bolti kubwa ya stata.

Stata: sikiliza taa

Washa taa kubwa, piga stata.

Taa zikizimika kabisa na ukasikia tak-tak-tak, rudi kwenye betri na temino. Zikibaki na mwanga ule ule na hakuna sauti yoyote, stata haipati amri: swichi, relei, fyuzi, au ule waya mwembamba wa stata umechomoka. Zikibaki na mwanga na ukasikia pigo moja zito bila kuzunguka, shuku solenoidi (swichi kubwa ya stata) au brashi za kaboni. Stata ikilia kwa kasi kama feni na injini haizunguki, bendiksi, ile gia ndogo ya stata inayozungusha injini, haishiki.

Brashi na bendiksi vinabadilishwa kwa bei ndogo. Usikubali kununua stata nzima kabla ya kuoneshwa kilichoharibika.

Chaji

Injini ikinguruma, pima ncha za nje: kati ya 27.6 na 28.8 ni sawa (kwa gari la volti 12, nusu yake). Washa taa na feni, piga resi kidogo. Isishuke chini ya 27 na kitu. Ikipita 29 na kuendelea, regyuleta (kidhibiti cha chaji) imekufa na betri zitanuka yai bovu.

Isipofika, anza na mkanda. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati, uingie milimita 10 hadi 15. Ukiwa umeng'aa ubavuni kama kioo, unateleza. Kisha temino za alteneta, kisha brashi zake.

Kwenye malori mengi ya aina hii, mgongoni mwa alteneta kuna pampu ya vakyumu inayosaidia breki, inayolainishwa na oil ya injini. Sili yake ya kuzuia oil ikivuja, oil inaingia kwenye brashi na chaji inakufa. Na ukifungiwa alteneta isiyo na pampu hiyo, au mpira wake ukasahaulika, breki zitakuwa ngumu kama jiwe. Kabla ya kutoka gereji, kanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa inanguruma.

Kitu kimoja ukatae wazi: fundi kung'oa temino ya betri injini ikiwa inawaka "ili kuona kama alteneta inafanya kazi". Umeme unaruka ghafla, unaua regyuleta na dayodi, na kwenye magari mapya unaua kompyuta. Mita inatoa jibu lile lile bila kuua kitu.

Mwizi wa usiku

Betri nzima, chaji nzima, asubuhi haiwaki. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua waya wa hasi ya nje na uweke mita katikati ya waya na kichwa cha betri, ikiwa kwenye ampea (anza na kipimo kikubwa cha ampea 10, na usiguse stata, utaunguza mita). Subiri dakika kumi. Milliampea 50 au chini ni kawaida. Ikisoma nusu ampea, chomoa fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Namba isiposhuka kwa fyuzi yoyote, fuata nyaya zilizoungwa moja kwa moja kwenye betri: kifaa cha kufuatilia gari, king'ora cha zamani, au dayodi za alteneta zinazorudisha umeme nyuma.

Stata inazunguka vizuri, injini haiwaki

Sasa umetoka kwenye umeme. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inataka hewa, mgandamizo na dizeli isiyo na hewa.

Kwanza, kifaa cha kukata dizeli, kile kinachozima gari. Kikiganda kwenye "zima", utapiga stata mpaka jioni. Mtu afungue swichi, wewe tazama au sikiliza kama kinajongea.

Pili, hewa kwenye mafuta. Hii huja baada ya kubadilisha filta, kuishiwa dizeli, au mpira kupasuka upande wa kunyonya. Mpira uliopasuka upande huo hauvujishi dizeli, unavuta hewa, ndiyo maana hauonekani. Funga ule mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu. Ukiona mapovu, fuata nyuma kuelekea tangi. Kutoa hewa: legeza skurubu ya juu ya filta, bonyeza pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, funga, rudia kwenye pampu. Bado haiwaki? Legeza nati za mabomba kwenye nozeli kwa spana ya 17, piga stata hadi dizeli itoke, funga.

Hilo la nozeli ni kwa injini zenye pampu ya kizamani tu, kama 4D33. Kwenye injini za kompyuta kama 4HK1, bomba hilo lina shinikizo la zaidi ya baa 1,000, dizeli inapenya ngozi kama sindano, na jeraha lake ni la hospitali siku hiyo hiyo. Hapo tafuta mwenye mashine ya kusoma kompyuta.

Asubuhi ya baridi ya Njombe au Mbeya, ongeza kuangalia hita, zile zinazopasha injini moto kabla ya kuwaka. Gari linalowaka vizuri Dar na kugoma Njombe, likitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli, hita au mgandamizo umechoka.

Linawaka, ila halina nguvu

Mlima wa Kitonga hausemi uongo. Gari likiwa zuri tambarare na kuishiwa mlimani, anza na filta ya dizeli, kisha maji chini ya chujio (fungua skurubu, mwaga kwenye chupa angavu, maji yanakaa chini), kisha chujio la hewa, kisha chekecheke ndani ya tangi. Tangi la gari la mkononi lina matope usiyoyajua. Lioshe mara moja, usahau.

Moshi unasema mengi. Mweusi: dizeli nyingi au hewa kidogo, angalia chujio la hewa, mpira wa tabo, nozeli. Wa bluu: injini inakula oil. Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, na maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja nje: gasketi ya hedi.

Kupima uchovu wa ringi za pistoni, acha injini ipate moto, fungua kifuniko cha oil, kigeuze na kukilaza juu ya tundu. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikiruka na moshi ukapuliza kwa mapigo, unatazama ovaholi. Jaribio hili lifanye siku ya kununua, mbele ya muuzaji. Mimi sikulifanya; nilikuwa natazama rangi.

Joto na oil

Usifungue rejeta ya moto. Injini ikiwa baridi, jaza maji, washa, tazama tundu: mapovu yasiyokoma ni gasketi ya hedi. Mengine yako wazi: mkanda, kifuniko cha rejeta kisichobana, mapezi yaliyoziba vumbi, pampu ya maji inayodondosha.

Themostati ikikosekana, irudishe. Najua mtaani tunaitoa "ili gari lisichemshe". Injini inayokimbia baridi inakula mafuta na kujichakaza, na kwenye baadhi ya injini kuitoa kunafanya maji yakwepe rejeta, likachemsha zaidi. Kama ilitolewa, jiulize kulikuwa kunafichwa nini.

Vuta kijiti cha oil kila asubuhi. Oil kama chai ya maziwa ina maji. Oil iliyopanda kupita alama na kunuka dizeli ina dizeli ndani yake, na haitashika beringi. Siku ya kwanza ya kulimiliki gari, mwaga oil yote, weka mpya na filta zake, andika kilomita. Hapo ndipo utaanza kujua linakula kiasi gani.

Sauti ya kugonga kwenye injini ya pampu ya kizamani: legeza nati ya nozeli moja moja injini ikinguruma, ukiwa umevaa miwani. Sauti ikipotea kwenye silinda ya tatu, umeshapata silinda. Hamishia nozeli yake kwa jirani, na ya jirani ilete pale. Sauti ikihama na nozeli, una bahati. Ikibaki pale pale, ni ndani.

Taa ya presha ya oil ikiwaka barabarani, zima hapo hapo ulipo, hata kama ni katikati ya mlima na mwenye viazi anapiga simu. Kuvutwa hadi Iringa ni bei ndogo kuliko krenki.

Stata yangu bado ni ile ile, mwaka wa tatu huu. Ya ziada ambayo fundi wa pili alinishawishi ninunue iko stoo, haijawahi kufungwa. Anayeihitaji aje na mita yake.